Sadaka ya Mtawala na Ulimi wa Kanisa

Tarehe 14 Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitoa tamko zito juu ya hali ya nchi. Walilalamikia utekaji wa raia, kodi zinazomwelemea mwananchi, ufisadi na uongo uliozoeleka vinywani mwa viongozi. Jumapili iliyofuata, siku tatu tu baadaye, Rais William Ruto alisali katika parokia ya Soweto mtaani Kayole, Nairobi. Alitoa shilingi milioni 2.6 kwa ajili ya kwaya, halmashauri ya parokia na ujenzi wa nyumba ya mapadri, akaahidi milioni 3 nyingine pamoja na basi. Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akatangaza kwamba fedha hizo zirudishwe. Wako walioona huo ni utovu wa adabu kwa mgeni aliyekuja kusali, na wako walioshangilia wakidhani ni pigo la kisiasa. Nadhani pande zote mbili zilipitwa na kiini cha jambo. Wajibu wa Mkristo mbele ya udhalimu ni kutoa ushahidi, na katika nchi zetu ushahidi huo umeuawa na zawadi mara nyingi kuliko ulivyouawa na rungu. Ndiyo maana swali la nani analipia mabati ya kanisa halimhusu mweka hazina peke yake. Ni swali la imani, na linastahili kujibiwa kwa uzito uleule tunaoupa ubatizo na meza ya Bwana.

Nasema ushahidi kwa sababu Kanisa halina jeshi wala polisi, wala halikutumwa kutawala. Nathani hakukitaka kiti cha Daudi, Eliya hakugombea ufalme wa Ahabu, na Yohana Mbatizaji hakuwa na chama cha kumpindua Herode. Walichofanya ni kumwambia mwenye nguvu, mbele ya uso wake, kwamba mke huyu si wake, shamba hili la mizabibu ni la Nabothi, na damu hii ina mwenyewe. Tendo hilo linaonekana dogo, lakini watawala wa kila zama wameliogopa kuliko silaha, maana udhalimu huhitaji sana kuitwa jina jingine: usalama, maendeleo, amani. Anayekataa kuutumia msamiati huo anaubomoa uongo kutoka chini. Na ili aweze kukataa, lazima asiwe na deni kwa yule anayemshuhudia. Maandiko yanalijua hilo vizuri. Torati inawakataza waamuzi kupokea zawadi kwa hoja kwamba zawadi humpofusha hata mwenye macho. Abramu alikataa hata uzi na gidamu ya kiatu kutoka kwa mfalme wa Sodoma, asije mfalme akatangaza kwamba ndiye aliyemtajirisha. Samweli, alipokuwa akiachia uongozi, alisimama mbele ya taifa zima na kuwataka waseme ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa na ni rushwa ya nani iliyomfumba macho. Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Amazia, kuhani wa Betheli, aliyemfukuza nabii Amosi. Hakumpinga kwa kusema kwamba maskini hawauzwi kwa bei ya jozi ya viatu. Hakusema kwamba mizani ya wafanyabiashara ni ya haki. Alisema tu kwamba Betheli ni mahali patakatifu pa mfalme. Mwenye nyumba alikwisha kujulikana, na neno la Mungu lilipofika likakuta hakuna nafasi.

Historia ya Kenya inatupa ushahidi wa pande zote mbili, wakati wa rungu na wakati wa bahasha. Mwaka 1982 Kenya ilifanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja. Mwaka 1986 chama hicho, KANU, kikaamua kwamba wagombea wake wateuliwe kwa kura ya mlolongo, wapiga kura wakijipanga nyuma ya mgombea au picha yake mchana kweupe, na anayepita asilimia 70 ahesabiwe mshindi bila kura ya siri. Wachungaji zaidi ya elfu moja waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, waliukataa utaratibu huo waziwazi. Uchaguzi wa 1988 ulipofanyika, milolongo mifupi ikatangazwa kuwa mirefu huku wananchi wakiona kwa macho yao. Jarida la NCCK, Beyond, lililoeleza wizi huo, likapigwa marufuku na mhariri wake akafungwa. Askofu David Gitari wa Kanisa la Anglikana, aliyewahi kuhubiri redioni juu ya Kaini na Abeli baada ya mauaji ya J. M. Kariuki mwaka 1975, alivamiwa nyumbani kwake usiku mmoja wa Aprili 1989, akaponea juu ya paa. Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Kipresbiteri, PCEA, alihubiri siku ya kwanza ya mwaka 1990 kwamba upepo uliozikumba tawala za chama kimoja Ulaya Mashariki ungefika Afrika. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini naye akadai vyama vingi. Agosti mwaka huohuo waziri mmoja aliwaonya hadharani Okullu na Askofu Alexander Muge wa Eldoret wasikanyage Busia, na kwamba wakienda huenda wasitoke hai. Muge alikwenda, akahubiri, na akiwa njiani kurudi tarehe 14 Agosti gari lake likagongana na lori, akafa. Machi 1992 akina mama waliokuwa wakidai kuachiliwa kwa wana wao, wafungwa wa kisiasa, walipigwa na polisi katika bustani ya Uhuru. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote likawafungulia mlango, nao wakakaa humo kwa karibu mwaka mzima.

Hayo yote yalitendeka chini ya rungu. Kitisho hakikuwanyamazisha, na kwa baadhi yao kilifanya kinyume. Kisha likaja badiliko la mwaka 2002, KANU iliposhindwa uchaguzi. Waliokuwa wakipigwa pamoja na wachungaji wakaingia serikalini, na wachungaji wakawa wageni wa heshima mezani pa marafiki zao. Kashfa za ufisadi zilipozuka mapema, sauti za makanisa zilikuwa hafifu kuliko zilivyokuwa wakati wa Rais Moi. Katibu mkuu wa NCCK wa miaka hiyo, Mutava Musyimi, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2007. Kugombea ni haki yake kama raia, ila wengi walijiuliza mstari wa kutenganisha madhabahu na jukwaa umepita wapi. Katika kampeni za mwaka huo wachungaji waliwaombea wagombea wa makabila yao, wengine wakawatolea unabii wa ushindi. Damu ilipomwagika baada ya uchaguzi, hakuna kiongozi wa dini aliyeweza kusimama na kusikilizwa na pande zote. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret walichomwa moto humo, wengi wakiwa wanawake na watoto. Waliokufa katika machafuko yale kote nchini walizidi 1,100. Februari 2008 NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea upande, ikaomba radhi. Naiheshimu toba ile, kwa sababu ni chache taasisi za Kenya zilizowahi kutubu. Lakini ilikuja baada ya mazishi.

Kwa nini zawadi ifaulu pale rungu liliposhindwa? Wengi hudhani jibu ni tamaa, na tamaa ipo. Mimi naona hatari kubwa zaidi iko kwingine. Rungu humshambulia mtu kupitia woga, na mwamini amefundishwa tangu utoto kwamba woga ni wa kushindwa. Ana mashahidi wa imani wa kumwiga, ana nyimbo, ana ahadi ya ufufuo. Zawadi hupitia wema wake. Kwetu mtu aliyekula chakula cha mwenzake hamwaibishi mbele ya watu, na asiye na shukrani hana utu. Mchungaji aliyejengewa nyumba na mheshimiwa, naye akajua fika kwamba paa linalomfunika limetoka kwake, hahitaji kuambiwa anyamaze. Shukrani itamnyamazisha yenyewe, na dhamiri yake itamsifu kwa adabu. Ndivyo hata mtu mnyoofu anavyokamatwa. Kwa hiyo ulinzi dhidi ya zawadi hauwezi kuachiwa moyo wa mtu mmoja mmoja. Lazima uwe kanuni inayomzuia hata aliye mwema asifikie mahali pa kuchagua kati ya shukrani na kweli.

Nitaje pia mahali ambapo gharama ilikuwa kubwa kupita kiasi. Nchini Rwanda, kabla ya 1994, Kanisa na dola vilikula sahani moja. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa kwa miaka mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala, MRND. Mfumo wa kuwagawa watu kwa kitambulisho cha kabila uliendelea shuleni na maofisini, na waliopaswa kuuita dhambi walikuwa ndani ya chumba ulimosimamiwa. Mauaji ya kimbari yalipoanza, watu walikimbilia makanisani kama walivyofanya wazazi wao, na makanisa yakawa machinjio. Kule Nyange zaidi ya Watutsi elfu moja waliangukiwa na jengo lililobomolewa kwa tingatinga, na paroko wake, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha. Siyo kwamba kila Mkristo alisaliti. Félicité Niyitegeka, Mhutu aliyejiweka wakfu kwa Mungu, aliwaficha Watutsi Gisenyi, akakataa kuokolewa peke yake, akauawa pamoja nao. Lakini ushujaa wake ulikuwa wa mtu mmoja, ilhali ukimya ulikuwa wa taasisi. Papa Fransisko aliomba msamaha kwa ajili ya Kanisa mwaka 2017.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote hutoka katika Warumi sura ya 13, na si la kupuuzwa. Paulo anasema mamlaka yaliyopo yamewekwa na Mungu, na anayeyapinga anapinga agizo la Mungu. Maneno hayo yalinukuliwa sana Kenya wakati wa chama kimoja, na bado hunukuliwa kila wananchi wanapoingia barabarani. Ila tusome kifungu chote. Paulo hasemi tu mamlaka yametoka kwa nani. Anasema pia yamewekwa kwa kazi gani: kumtumikia Mungu kwa faida ya raia, kumtisha mwovu na kumsifu mtenda mema. Aliyempa mtumishi kazi amempa na kipimo cha kupimwa nacho. Halafu Paulo anaorodhesha madeni ya raia: kodi, ushuru, hofu, heshima. Ukimya haumo. Mwenyewe hakuulipa. Kule Filipi, baada ya kupigwa na kufungwa bila hukumu, mahakimu walipotaka aondoke kimyakimya, alikataa mpaka waje wenyewe wamtoe. Alidai makosa yakiriwe na wenye mamlaka walioyatenda. Na kwa Mkenya kuna la ziada. Katiba ya 2010 inasema katika kifungu cha kwanza kabisa kwamba mamlaka yote kuu ni ya wananchi, na kifungu cha 37 kinawapa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Ikiwa mamlaka yaliyopo yametoka kwa Mungu, basi Katiba hiyo nayo ni mamlaka yaliyopo, na Rais ndiye wa kwanza kutakiwa kuitii. Anayemhubiria kijana aliyeandamana Juni 2024 utii wa Warumi 13, huku akiruka waliompiga risasi kijana huyo kinyume cha sheria, amelisoma Neno nusu.

Wako pia wanaosema kazi ya Kanisa ni roho za watu, na kwamba siasa ni matope. Hao wanafaa kutazama ni nani hasa waliosema. Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda, hakuwa mwanaharakati. Alikuwa mtu aliyeokoka mwaka 1948 katika uamsho uleule uliotoka Gahini, Rwanda, ukaenea Afrika Mashariki yote kwa wimbo wa Tukutendereza. Wokovu wake ndio uliomfikisha mbele ya Idi Amin. Hakuanza kwa kelele. Alikuwa akienda kwa watawala, akiwaombea watu waliokamatwa, na wengine walimlaumu kwa ukaribu huo. Wahenga walisema usikatae wito, kataa neno. Luwum hakukataa wito, lakini hakuwa na deni, na mauaji yalipozidi yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua Februari 1977. Siku chache baadaye, tarehe 16, akauawa. Kwa hiyo anayesema anakaa karibu na mkubwa ili amshauri faraghani ana hoja halali, mradi faragha hiyo haimlishi, na mradi siku ushauri utakapopuuzwa yuko tayari kuyasema yaleyale nje.

Pingamizi lililo gumu zaidi kwangu ni la umaskini. Kanisa la mtaa wa mabanda lina waumini wanaoishi kwa kibarua. Sadaka ya Jumapili haifiki kununua saruji, na watoto wa shule ya Jumapili wananyeshewa. Ni rahisi kwa mwenye kanisa kuu la mawe kumwambia mwenzake akatae milioni mbili. Tena, wanauliza, Yesu hakula kwa Zakayo? Jina hilo limevuma sana Kenya tangu vijana walipompachika Rais kwa sababu ya kodi, lakini kisa chenyewe mara nyingi hakisomwi mpaka mwisho. Zakayo hakumchangia Yesu ujenzi. Alitangaza nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemnyang'anya, marejesho mara nne. Fedha zilirudi kwa wenyewe. Hapo ndipo Yesu aliposema wokovu umeingia katika nyumba ile. Mtu anayetoa mamilioni madhabahuni huku dawa hazipo zahanatini anaulizwa swali moja kabla ya kushukuriwa: mshahara unaojulikana unawezaje kutoa kiasi hicho Jumapili baada ya Jumapili? Kama swali hilo halina jibu la wazi, inawezekana kabisa kwamba muumini maskini anajengewa kanisa kwa kodi yake mwenyewe, kisha anatakiwa kupiga makofi. Machi 2025 vijana waliandamana Roysambu kupinga ahadi ya Rais ya shilingi milioni 20 kwa kanisa moja huko. Unaweza kutopenda namna yao, lakini waliona jambo ambalo wazee wengi wa kanisa hawakuliona. Na paa linaweza kusubiri. Makanisa mengi ya Afrika Mashariki yalijengwa na mababu zetu kwa matofali ya kufyatua wenyewe, kwa mahindi na kuku wa mnada, kwa miaka mingi, na hakuna aliyewadai chochote yalipokamilika.

Iko pia shutuma ya ukabila: kwamba maaskofu waliompinga Moi walifanya hivyo kwa kuwa jamii zao zilikuwa nje ya serikali, na kwamba jamii hizo zilipoingia wakanyamaza. Sehemu ya shutuma hiyo ni kweli, na nimekwisha kuitaja aibu ya 2007. Lakini haielezi yote. Muge alikuwa Mkalenjin akimkosoa Rais Mkalenjin, na angeweza kuishi kwa raha kama angetaka. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, Mkamba, alisimama Nakuru na waliofukuzwa mashambani mwao katika mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990, watu wasio wa kabila lake. Padri John Kaiser, Mmarekani, alikuwa na wakimbizi wa ndani wa Maela, akawataja wakubwa mbele ya Tume ya Akiwumi iliyochunguza mapigano hayo, na Agosti 2000 akakutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha. Mwaka 2007 mahakama ya Kenya iliamua kwamba aliuawa. Kinachowaunganisha watatu hao ni kwamba hawakuwa wakilinda chao. Kabila, ukitazama vizuri, ni bahasha nyingine, tena inayotolewa bila kuhesabiwa: hadhi ya kuwa na mtu wetu juu. Mhubiri anayekemea serikali ya wengine na kuisamehe ya kwao amepokea malipo, hata kama hakuna shilingi iliyopita mkononi.

Nimesema mengi juu ya maaskofu, lakini si wao wanaobeba mzigo mzima. Katika sensa ya 2019 zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya walijitambulisha kuwa Wakristo. Maana yake ni nzito. Aliyeutangaza mlolongo mfupi kuwa mrefu mwaka 1988 huenda alikuwa na kiti chake kanisani. Karani anayepandisha bei ya zabuni, afisa anayemwingiza kijana katika gari lisilo na namba, daktari anayeandika sababu ya uongo kwenye cheti cha kifo, hakimu anayeahirisha kesi mpaka mashahidi wachoke: wengi wao wamebatizwa, na Jumapili wanatoa fungu la kumi. Udhalimu wa nchi yenye Wakristo wengi hufanywa kwa mikono ya Wakristo. Kuwaombea viongozi ni agizo la Biblia, na ni jema. Lakini maombi hayampi ruhusa mhasibu kutia sahihi hati anayojua ni ya uongo. Hapo kwenye dawati lake ndipo anapotakiwa kutoa ushahidi.

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Agosti 2027, na kila mwenye kuijua nchi anajua misafara itaelekea wapi Jumapili kwa Jumapili. Mwaka 2021 Askofu Mkuu wa Anglikana, Jackson Ole Sapit, aliwapiga marufuku wanasiasa kuhutubia kutoka madhabahuni. Ulikuwa uamuzi mwema, ila kuzuia kipaza sauti bila kuzuia bahasha ni kutatua nusu ya tatizo. Basi ndugu mzee wa kanisa, mama mwenyekiti wa umoja wa akina mama, kijana wa kamati ya ujenzi: msingoje gari la mheshimiwa lifike getini. Kaeni kikao mwezi huu. Andikeni katika kumbukumbu kwamba mwenye cheo cha umma au anayekitafuta atatoa kikapuni kama muumini yeyote, bila kutangazwa, na kwamba kisichoweza kutolewa hivyo kitarudishwa. Wasomeeni waumini hesabu zenu zote, na azimio hilo libandikeni mlangoni.